Zizi Tupu la Shivachi

Gentrix alifika Malinya siku ya kumzika babake, mzee Shivachi. Majirani walileta mafahali wapigane kando ya kaburi, maana ndivyo anavyoagwa mfuga fahali. Zizi la marehemu lilikuwa tupu. Fahali wake aliuzwa miaka minne iliyopita, Gentrix akasome ng'ambo.

“Kwani ulisomea nini huko?” aliuliza Musonye, baba yake mdogo.

“Chuma cha mitambo ya nyuklia,” Gentrix alijibu, kwa fahari kidogo. “Mionzi hukitafuna ndani kwa ndani, nje kinang'aa tu. Kazi yangu ni kuugundua ugonjwa huo kabla hakijapasuka.”

Musonye akatema mate. “Babako alikuwa anakuambianga kwa simu ako sawa, na huku anakwisha. Miaka minne! Ukaamini?”