Usafiri Bure Hadi Arusha

Hanifa alikuwa uani kwake Kibiti, akichambua shaba kutoka kwenye rundo la bati na vyuma chakavu, mumewe alipoingia na tabasamu lililofika masikioni. Alipoliona tu tabasamu lile, akaacha kuchambua. Tahiri hakuwa mtu wa kutabasamu hivyo bila kumletea kazi.

"Mama Kudra, tumeuza!"

"Tumeuza nini?"

"Ile mashine ya Mohoro. Kuna mama Arusha ana hoteli, anaitwa Bi Tabu. Kaiona mtandaoni, kaipenda, na malipo ya mwanzo keshatia benki."

Mashine yenyewe ilikuwa injini ya kinu cha kukobolea mpunga, cha enzi za ushirika. Wafanyabiashara binafsi walipoingia na vinu vyao vidogo, kinu kile kikafa, jengo likauzwa, injini ikabaki imezama kwenye nyasi. Hanifa aliinunua kwa Huseni, mwenye jengo, akikusudia kuivunja na kuiuza kwa kilo kwa matajiri wa skrepa wa Dar es Salaam. Lakini tangu Tasnim, binti wa jirani, afungue chumba cha intaneti karibu na stendi, Tahiri alikuwa hatoki mle. Akaja na habari kwamba watu wa mahoteli wanapenda vitu vya kale, wanavipaka rangi na kuviweka bustanini, wageni wavipige picha. Akaazima kamera, akaenda Mohoro, akatoa tangazo. Hanifa alimcheka.

Sasa alipotajiwa bei hakucheka tena. Ilikuwa bei ambayo skrepa isingeifikia hata katika ndoto. Kwa muda alimsamehe mumewe mambo mengi. Kisha akauliza kitu ambacho mfanyabiashara yeyote angeanza nacho.

"Na kuifikisha Arusha?"

Tahiri akajikuna shingo. "Hilo liko kwetu."

"Liko kwetu vipi?"

"Nimeandika usafiri bure."

Hanifa akaiweka chini nyundo, taratibu, maana aliona ikiendelea kukaa mkononi mwake haitakuwa salama.

"Baba Kudra. Ile ni injini. Si kanga ya kukunja ukaitia mkobani. Nani kakwambia uandike bure?"

"Kila mtu kule anaandika hivyo! Watu wakiona neno bure wanasimama, wanasoma."

"Hao wanauza simu na viatu!"

"Mtandao haujui kiatu wala injini," Tahiri alisema, na kwa namna alivyosema ilionekana anajiona amejibu vizuri.

Usiku ule wazo la kumpigia yule mama na kumweleza lilimjia Hanifa, akalifukuza. Yeye alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Mohoro. Baba yake alifungua duka pale mtoni na kulifunga uzeeni bila mteja hata mmoja kusema aliahidiwa hiki akapewa kile. Ampigie mtu wa mbali, amwambie mume wangu aliropoka? Hapana. Imeandikwa bure, itakwenda bure.

Akamtafuta Ally, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa na lori la mbao. Walivuka daraja la mto asubuhi kuelekea kusini. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kuingilia Mohoro ilikuwa uji mtupu. Kuipakia ile injini kulihitaji magogo, minyororo, na wanaume wote waliokuwa wamekaa kusubiri mchana upite. Tahiri ndiye aliyejipa usimamizi. Alisimama juu ya lori akipaza sauti: "Kulia! Kulia kidogo! Polepole, hiyo ni ya Arusha!"

"Shuka usukume," Hanifa alimwambia.

Akashuka. Akasukuma. Gogo likateleza, injini ikarudi chini, ikakosa chupuchupu kuchukua mguu wa mtu. Wakaanza upya. Ilipokaa juu hatimaye, lori nalo likakataa kuondoka. Tairi za nyuma zilikuwa zimejizika. Ally alizunguka gari lake akiwa kimya, kisha akamgeukia Hanifa.

"Shangazi, kwa heshima yote, huu mzigo ungevunjwa hapa hapa tukabeba vipande."

"Kamwambie Baba Kudra," alisema Hanifa. "Mimi nimeshamaliza maneno yangu."

Lori lilinasuka jioni, wakafika Dar es Salaam siku iliyofuata, matope yamewakauka mpaka kwenye nyusi. Tahiri alikuwa amebaki Kibiti, akidai mgongo. Pale kwenye maegesho ya malori ya kaskazini, walikokwenda kutafuta lori la Arusha, mawakala waliichungulia injini mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alitaja nauli, Hanifa akadhani amesikia vibaya. Wa pili alitaja kubwa zaidi, akasema ni kwa sababu ya winchi ya kuinulia mzigo. Wa tatu alizunguka lori, akapiga chuma kwa funguo zake, akauliza, "Mama, hii unaipeleka kwa mtu au unamkomoa mtu?"

Hanifa akaketi kwenye ngazi ya lori. Akajumlisha kichwani kodi ya lori, wapakiaji, winchi na nauli, akaona ile bei ya ndoto yote imekwisha njiani, na injini haijafika hata Chalinze. Hasira ikampanda mpaka machozi yakamlenga. Akamkasirikia Tahiri, akaikasirikia kompyuta ya Tasnim, na mwisho akajikasirikia mwenyewe. Kisha akatoa simu na kumpigia Bi Tabu. Hakutaka kumwomba kitu. Alitaka tu kumwambia lori halijapatikana, mzigo utachelewa.

"Mzigo gani wa lori, Bi Hanifa?" Bi Tabu aliuliza. "Ni gurudumu tu."

"Gurudumu?"

"Lile gurudumu kubwa la chuma kwenye picha. Nataka kulisimamisha mlangoni pa hoteli. Kwani mmeleta nini?"

Hanifa akaliangalia lori. Gurudumu lilikuwepo kweli, ubavuni mwa injini, zuri, na mikono yake iliyopinda kutoka kitovuni hadi ukingoni. Akakumbuka ile picha. Tahiri alikuwa amesimama karibu mno. Mashine haikuenea kwenye picha, likatokea gurudumu peke yake.

"Tumeleta na nduguze," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Tabu alicheka, kisha akasikia mwenzake hacheki, akauliza kulikoni. Hanifa akamweleza yote: matope, magogo, mawakala. Sasa hakuona haya tena, alikuwa amechoka mno kuona haya.

"Lakini dada yangu," Bi Tabu alisema, "mimi gari langu linashusha mboga hapo Dar kila Jumatatu, na linarudi tupu. Mngeniuliza tu. Mlisema usafiri bure, nikadhani mna njia yenu."

Hanifa alifumba macho. Kisha akauliza gari hilo huegeshwa wapi.

Walikwenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa vyuma, gurudumu likafunguliwe. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, gesi ya kukatia ikawashwa. Fundi mwenyewe alitaka achukue injini yote iliyobaki kama malipo ya kazi. "Bora nikate mwenyewe kwa msumeno wa mbao," Hanifa alimjibu, na wakaanza kubishana upya. Alipomaliza naye, injini ilikuwa imeuzwa kwa bei ya skrepa, ile ile aliyoikusudia tangu mwanzo, na gurudumu lilikuwa limelala kwenye gari la mboga, linanuka kabichi. Baada ya kumlipa Ally, faida ilibaki. Si ile ya ndoto, lakini ilibaki.

Tahiri alimpokea stendi ya Kibiti. "Si nilikwambia? Mtandao unalipa!"

Hanifa alimshika mkono wa kanzu, akamvuta moja kwa moja mpaka kwa Tasnim, akakaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Kulikuwa na mtu wa Tanga anayeulizia nanga yao kuukuu, ambayo Tahiri alikuwa ameitangaza pia. Hanifa akaanza kuandika kwa kidole kimoja: Nanga ipo. Picha ni ya nanga nzima. Usafiri ni juu ya mnunuzi.

"Utamfukuza," Tahiri alinong'ona nyuma yake.

Umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, maneno yote yakaenda.

"Pole, Mama Kudra," Tasnim alisema, akitoka kwenda kuwasha jenereta. "Itabidi uanze tena."

Hanifa alishusha pumzi ndefu, akakaa pale pale gizani, mikono mapajani. Jenereta likakohoa, likanguruma, kioo kikarudi. Akaanza upya. Akaitafuta herufi ya kwanza, akaikosa, akaitafuta tena.

Tahiri akanyoosha kidole juu ya bega lake. "Ni hii hapa."

"Nimeiona," alisema Hanifa, ingawa hakuwa ameiona, akaibonyeza.