Jani la Isale Ndani ya Kitabu

Lukresia hakuwahi kumwamini Kishor muuza vitabu, na sababu hakuwa nayo. Ebu fikiria, mtu mzima na mvi zake, kila Jumamosi anamchagulia binti wa miaka kumi na tatu kitabu cha kuazima, halafu hataki hata asante! Violet naye, mtoto wa marehemu dada yake ambaye Lukresia alimlea tangu akiwa mchanga, akishapanda nacho nyumbani Old Moshi hana habari na mtu. Tena siku hizi walikuwa hawasemezani. Waligombana kwa ajili ya simu, likamfyatuka binti neno: "Kwanza wewe hukunizaa!"

Asubuhi hiyo Lukresia alikikuta kitabu kitandani kwake, chini ya kanga. Akakifungua. Katikati mlikuwa na jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

Yesu na Maria! Uchaggani nani asiyejua? Isale lenye fundo hupelekwa na mkosaji kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Sasa huyo mzee wa dukani amemkosea nini mtoto mpaka amtumie isale? Akalichukua jani, akalitupa motoni mbele ya Violet aliyekuwa akichochea kuni.

"Amekufanya nini yule?"

Violet akalitazama linavyosinyaa, asiseme kitu. Kwa Lukresia, kimya kile kilikuwa ushahidi tosha.

Akateremka mjini mbio mbio. Dukani hakutoa hata shikamoo. Alikibwaga kitabu mezani.

"Useme hapa hapa, umemfanya nini mwanangu?"

Kishor akavua miwani. "Mimi? Mama, kaa kwanza."

"Sikai! Isale ulimtumia la nini?"

"Mama, nimezaliwa Moshi hii hii. Isale si kitu cha kuchezea. Mimi mtoto simpi kitabu kabla sijamuuliza roho yake inataka nini. Wa umri huu ndio wagumu: hadithi za sungura wamezichoka, za wakubwa bado. Violet aliniambia anataka hadithi ya mtoto aliyemtukana mlezi wake, na jinsi alivyomwomba radhi. Nikamtafutia hii. Akasema ataiacha kitandani kwako, maana mdomo wake unashindwa." Akapekua kurasa, akatazama mezani, akatazama chini. "Basi hilo isale ni lako, mama. Liko wapi?"

Lukresia akakaa. Sasa kiti alikitaka. Jamani, kitabu kiko kitandani kwake, chini ya kanga yake mwenyewe, na bado kateremka hadi mjini kumtafuta mchawi! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamwomba mzee radhi kwa sauti isiyosikika vizuri, akaondoka.

Alipofika nyumbani, Violet alikuwa mgombani anamkatia ng'ombe majani. Lukresia akamwendea na kitabu kifuani, machozi yakimtoka bila kujificha.

"Mwanangu, nisamehe. Sikujua kwamba lilikuwa langu."

Violet hakuinua uso. "Nililiona likiungua," akasema. "Hamna shida, mama mdogo."

Tangu ajue kusema, hata siku ile ya ugomvi, Violet alikuwa akimwita mama tu.