Wanja wa Mama Wanja

Mama Wanja hakuwahi kutembeza biashara. Kwa miaka thelathini alikaa kwenye mkeka wake, akasaga jiwe jeusi linalometameta mpaka likawa vumbi, na wateja wakamfuata wenyewe. "Chema chajiuza," alipenda kujigamba, "kibaya chajitembeza." Ulaini hakuupima kwa chekecheo. Aliweka wanja kidogo ulimini, akautafuna kwa meno ya mbele. Usipokwaruza, basi unafaa kwa jicho la mtu.

Asubuhi hiyo mpwa wake, fundi wa maabara, aliingia na karatasi mkononi, hata viatu hakuvua.

"Shangazi, nimelipima lile jiwe lako. Lina risasi."

"Risasi! Kwani natengeneza bunduki?"

"Madini ya risasi, shangazi. Ni sumu."

"Jiwe la Mungu hilo, limetoka ardhini. Mimi sichanganyi madawa ya kiwandani."

"Hata sumu ya nyoka haitoki kiwandani. Hii inaingia mwilini kidogo kidogo, hasa kwa mdomo. Hilo tumbo linalokukata, hiyo mikono inayotetemeka, wewe unasema uzee."

Mama Wanja alitaka kumtolea uvivu. Ndipo akasikia mchi ukigonga kinu uani. Bintiye, mwenye mimba ya miezi sita, ndiye aliyekuwa akitwanga jiwe, na Mama Wanja mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuonja. Hofu ilimshika vibaya. Akatoka mbio, kanga ikabaki mkekani.

Binti alikuwa ameshatia kidole mdomoni. "Mama, leo umetoka laini, hauna hata chembe."

"Tema!"

"Mama?"

"Tema, mwanangu. Nilikufundisha vibaya."

Akamsukutulisha kwa maji mara tatu, kisha akamgeukia mpwa wake. "Mpeleke hospitali sasa hivi, apimwe damu. Nami nitawafuata."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kukusanya vichupa vyote vya wanja nilivyouza."

"Shangazi, watu watakusema."

"Waseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa si mimi tu nitakayekufa."

Akamwaga wanja wote shimoni, akafukia, akachukua kikapu kitupu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, mama wa pacha. Alipomwona mlangoni aliangua kicheko.

"Makubwa! Mama Wanja, leo chajitembeza?"

"Ndiyo, kwa sababu ni kibaya. Niletee kichupa changu, kisha uwaoshe watoto uso."