Namba ya Kwanza

Mama alipoanguka mara ya kwanza, alisema ni sabuni. Mara ya pili akasema ni kandambili. Kitinda, bintiye na mtoto wake wa mwisho, hakuwa na ugomvi na sabuni wala kandambili. Alijua ni miguu, na miguu ya miaka sabini na tisa haina spea.

Kitinda alikuwa fundi cherehani. Kutoka nyumbani hadi kibanda chake cha kushonea ni mwendo wa dakika ishirini, na tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni Mama alibaki peke yake na redio. Simu ikiita tu, mguu wa Kitinda uliganda juu ya pedali. Siku moja alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia kwa ajili ya simu, kumbe mpigaji alikuwa anauliza kama ana vifungo vya kijani.

Jumamosi akafunga mapema, akaenda kwenye duka la vifaa vya wagonjwa. Alikuta muuzaji mwenye tai na kalamu tatu mfukoni.

"Hii ni kama saa," muuzaji alisema. "Bibi anaivaa mkononi. Akianguka inajua yenyewe, inapiga simu."

"Inachajiwa?"

"Kila siku, dada."

"Mama yangu husahau kama ameshakunywa chai. Weka pembeni."

"Basi hii ya ukutani. Anavuta kamba."

"Akianguka katikati ya chumba, ukuta umfuate?"

Muuzaji akacheka, akatoa kidude cha kuvaa shingoni, hakizidi kifungo cha koti la baridi. Akasema betri yake inakaa mwezi mzima, kinaingia maji, na kazi ya bibi ni kubonyeza tu. Kinapiga namba tatu, moja baada ya nyingine, mpaka mtu apokee. Akipokea, wanaongea humohumo.

"Na kama simu ya huyo mtu imezimwa?"

"Kinaruka kwenye namba inayofuata."

"Una uhakika? Imezimwa kabisa?"

"Dada, hofu zako nyingi. Tumeuza vingi, na hakuna mtu aliyerudi kulalamika."

"Labda bado wako sakafuni," alisema Kitinda.

Muuzaji akacheka tena, kana kwamba ameambiwa mzaha. Kitinda akakinunua, na hilo likawa kosa la kwanza.

Kosa la pili lilifanyika nyumbani, mezani, tena kwa heshima zote. Kitinda alikuwa ameandika jina la msusi kwanza, kwa sababu msusi anafanya kazi mlango wa pili kutoka kwao na hatoki pale mchana kutwa. Chini yake akajiandika yeye, kisha kaka yake. Mama akaivuta karatasi.

"Kaka yako umemweka wa tatu? Mimi nilizaa wawili, wa tatu ametokea wapi?"

"Mama, kaka anakaa mbali. Saa sita kwa basi!"

"Kuwa mbali hakumtoi ukubwa. Na huyo msusi mdomo wake hauna mlango. Nikianguka saa tatu, saa nne mtaa mzima unajua."

"Ndicho ninachotaka, Mama! Mtaa mzima ujue!"

Wakampigia Kaka Mkubwa. Alikuwa meneja, na aliongea kama barua ya ofisini hata akiomba chumvi. "Kitinda, tufuate utaratibu," alisema. "Mimi ndiye mkubwa. Taarifa zinifikie mimi kwanza, halafu mimi nitaona nani atumwe."

Kitinda alijua kwamba si sawa. Lakini katika nyumba ile mkubwa alitangulia kwenye kila kitu, tangu kunawa mikono mpaka kuambiwa habari za msiba, na yeye kitinda mimba alikuwa amezoea kumaliza mstari. Akabadilisha. Wa kwanza Kaka Mkubwa, wa pili yeye, wa tatu msusi. Wakakijaribu. Mama akabonyeza, na Kaka Mkubwa akapokea kabla simu haijaita mara ya pili. Mama akafurahi kama amefaulu yeye. Lakini Kaka Mkubwa alikuwa amekaa na simu mkononi akiusubiri huo mtihani. Nani angefeli?

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, Mama aliteleza akitoka kuoga. Aliangukia mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akakitafuta kidude shingoni, akabonyeza kama alivyofundishwa.

Saa hiyohiyo Kaka Mkubwa alikuwa kwenye kikao, simu amezima. Lakini simu yake ilikuwa na sauti aliyoirekodi mwenyewe, ya kuwapokea watu akiwa hayupo. Sauti ile ikaitika. Kidude kikahesabu kwamba mtu amepokea, basi, kazi imekwisha. Namba ya pili hakikuipiga. Ya tatu hakikuipiga.

"Habari yako," ilisema sauti ya mwanawe kutoka kifuani pake. "Tafadhali eleza shida yako, na uwe na subira. Nitaishughulikia."

Mama akaeleza shida yake. Kisha akawa na subira.

Saa nane kasoro robo mchana Kitinda alipigiwa simu. "Nimetoka kikaoni sasa hivi," Kaka Mkubwa alisema. "Kuna ujumbe, Mama anasema ameanguka. Hebu kaangalie."

Kitinda alikimbia na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, cherehani ameiacha na sindano ndani ya kitambaa. Alimkuta Mama sakafuni, amejivutia taulo kiunoni, midomo mikavu, mwili baridi kama vigae alivyolalia. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Usipige kelele," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Kaka yako anajua."

"Anajua tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Ameniambia nisubiri, anashughulikia."

"Kwa nini hukubonyeza tena?"

"Nimbonyeze mara mbili mtu mzima yuko kazini?"

Na ng'ambo ya ukuta, hatua kumi na nne tu, msusi alikuwa anacheka na wateja wake. Mama alikuwa amesikiliza kicheko kile zaidi ya saa nne. Hakuita, kwa kuwa aliamini ameshaitikiwa.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kesho yake asubuhi Kitinda akawa wa kwanza mlangoni mwa duka lile.

"Iko kwenye kitabu," alisema muuzaji, akifunua kurasa haraka haraka. "Hii hapa, ukurasa wa thelathini na moja. Namba zenye sauti ya kurekodi zisitumike, au mwenye simu aiondoe."

"Kaka, mimi natia uzi kwenye sindano bila miwani, na herufi hizi sizioni. Ulikuwa unajua?"

"Kwa kweli wateja hawaulizi..."

"Nilikuuliza! Nilisimama hapahapa nikakuuliza, simu ikizimwa je? Tena nikarudia! Ukaniambia hofu zangu nyingi!"

Watu waliokuwa wanaangalia viti vya magurudumu wakageuka. Muuzaji akaishika tai yake, akasema atampa mkoba wa kuhifadhia kidude, bure. Kitinda akamwambia ndani ya mkoba huo aweke kitabu chake, maana ndicho kinachofichwa.

Wewe unayemnunulia mzazi kitu cha namna hii, usikijaribu na mtu anayekusubiri upige. Mwambie azime simu, ndipo ubonyeze, usikilize mwenyewe ni nani anayeitika.

Jumapili Kaka Mkubwa akafika na mfuko wa matunda. Alimpa Mama pole, akamuuliza daktari amesemaje, kisha akakaa vizuri kwenye kiti.

"Lililotokea ni hitilafu ya kifaa," alisema. "Kitarekebishwa. Mpangilio wa namba ubaki ulivyo."

"Ubaki?" Kitinda alisimama. "Kaka, ule ujumbe bado unao?"

"Wa nini sasa? Mambo yamekwisha."

"Uweke kwa sauti. Mama asikie."

"Kitinda, usimvunjie kaka yako heshima," Mama alisema.

"Leo nitaivunja, Mama. Mkono wako umevunjika, na heshima yake ivunjike kidogo. Weka, Kaka."

Akaweka. Sauti ya Mama ikajaa chumbani, nyembamba, na nyuma yake maji yakidondoka bombani. "Ni mimi mama yako. Samahani nakukatiza kazi. Nimeanguka. Mkono unauma, lakini si sana. Haya baba, nasubiri." Kikapita kimya kirefu, matone tu. Kisha: "Baba, bado upo?"

Kaka Mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama akamtazama, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Kwa hiyo ile haikuwa wewe," alisema.

"Ilikuwa sauti yangu, Mama. Nilirekodi zamani."

"Lakini wewe hukuwepo."

"Sikuwepo, Mama."

Mama akaushika mkono wenye plasta kama anamshika mtoto wa mtu mwingine. Kitinda alikuwa na maneno ya kujaza ndoo, lakini akayameza, kwa sababu aliona uso wa Mama unabadilika wenyewe bila kusukumwa.

"Kitinda," alisema mwishowe, "nenda kwa msusi ukamwombe namba yake tena, uiweke juu. Na ufunguo mwingine wa nyumba apewe. Wewe ufuate."

"Na mimi, Mama?" aliuliza Kaka Mkubwa.

"Wewe utaambiwa, baba," alisema Mama. "Nikishainuliwa."