Aliyemo Katika Picha Namba Nne

Kwenye picha ile mdomo wangu uko wazi. Kilemba kimeteleza mpaka kwenye jicho, kanga imeanguka begani, na miguu yangu, ambayo nilikuwa naificha watu wasiione, imenyooshwa mbele na nyufa zake zote. Mkono mmoja umeshika bakuli mapajani. Mwingine umeshika kijiko, umekielekeza kwa anayetazama, kana kwamba nimemwambia ale halafu nikasahau. Nimelala. Wala si ule usingizi wa kanisani, unaoinamisha kichwa watu wakadhani unasali. Nimelala fofofo mchana kweupe, nyuma yangu kahawa imeanikwa kwenye jamvi na kuku wanaipekua watakavyo.

Siku hizi picha hiyo iko ukutani, sebuleni kwetu Rugera. Mgeni akiingia huitazama mara moja, kisha hutafuta pengine pa kutazama, na simlaumu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliikuta mbele za watu, nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Abdulatifu pale Omurushaka, imebanwa kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Chama chenyewe cha wapiga picha hakikuwa kitu kikubwa. Wenye studio wawili watatu, walimu, bwana shamba mmoja, na Placidius wa Kimuli anayepiga picha za harusi Kyerwa nzima. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walikuwa wakishindana wao kwa wao, na kanuni za mashindano alizitunga mume wangu. Ambrose alipokuwa mzima alikuwa mtu wa kanuni, hata nyumbani nilikuwa nazisikia nikipika. Picha iwe ya mwezi huohuo. Jina la mpigaji lisitajwe mpaka kura ziishe. Kila mtu apige kura kwa punje ya kahawa ya kutafuna, kila picha iwe na kikombe chake, na vikombe vifunikwe. Hilo la kufunika liliongezwa baadaye. Walimwalika katekista aje awafungie kwa sala, naye akakuta kahawa mezani, akajua amekaribishwa vizuri, akaanza kutafuna. Mpaka wanamshtukia, kura za mshindi zilikuwa zimeshamezwa. Kwetu mgeni akikuta kahawa mezani anatafuna, sasa angefanya nini?

Lakini kanuni ambayo Ambrose aliishikilia kwa meno ni ile ya kidole. Kitufe kibonyezwe na kidole cha mwenye picha, basi. Placidius aliwahi kuleta picha yake mwenyewe akiwa amesimama na fahali wa baba mkwe wake, picha safi kabisa. Ambrose akamuuliza nani alibonyeza. Akasema mke wangu, lakini kila kitu nilikipanga mimi.

"Basi aliyepiga ni mkeo," Ambrose alimwambia, akaishusha. "Mlete ajiandikishe."

Placidius alikasirika, akasusa muda mrefu tu. Na palikuwa na kanuni nyingine mbili. Mtu aliyemo ndani ya picha lazima aulizwe kabla ya kura, akikataa inashuka, hata ikiwa nzuri vipi. Na mwanachama asipoleta picha mara tatu mfululizo, jina lake linatoka. Siku wanaipitisha hiyo, Nestory, mwalimu wa sekondari ambaye ndiye katibu, aliuliza, na mwenye udhuru je? Ambrose alicheka. Alisema udhuru hauishi duniani, tukianza kuupokea tutabaki na chama cha wenye udhuru.

Kisha kiharusi kikamwangusha kwenye kibanja, akiwa anapunguza majani ya migomba. Upande wa kulia ukapooza, mkono na mguu, na maneno mengi yakaondoka. Yaliyobaki yalikuwa yanatoka mojamoja, kwa kazi. Mtu aliyekuwa anashinda akibishana juu ya mwanga wa saa tatu na mwanga wa saa nne, sasa akitaka maji anatafuta neno maji mpaka jasho linamtoka.

Sikuwa na muda wa kulia. Mtu mzima ana uzito, na kumgeuza kitandani peke yako ni kazi ya wanaume wawili. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikamlisha, nikafua, nikachota maji, nikaenda kuchuma kahawa, nikarudi mbio kumgeuza tena. Binti yetu Kokuhirwa yuko Mwanza na watoto wake, kila jioni anapiga simu, mama mnaendeleaje, na mimi, tunaendelea vizuri. Padri akipita, tunaendelea vizuri. Vero, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka wa migomba, akinipungia jembe asubuhi, tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Jibu hilo lilikuwa linatoka hata swali halijaisha. Nilijua nikilibadilisha siku moja tu nitakaa chini nisiinuke.

Na juu ya yote hayo palikuwa na kamera. Kila asubuhi nikishamkalisha barazani ananyoosha kidole cha kushoto kuelekea ndani. Namletea maji, anatikisa kichwa. Namletea redio, anatikisa kichwa. Ni kamera anataka, avalishwe shingoni. Kitufe cha kamera kiko kulia, na kulia kwake kumekufa, atakibonyeza na nini? Nilimvalisha kwa sababu kubishana kunachosha kuliko kuvalisha. Mwezi wa tano ukaisha bila picha, na wa sita pia. Alijua, na mimi nilijua. Wa saba ukipita hivyohivyo, jina lake linatoka, kwa kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe.

Siku moja kabla ya mashindano ya mwezi wa saba nilirudi kutoka mashineni kusaga, nikamkuta Vero amekaa naye barazani. Akasema mwalimu Nestory alikuja kumwona mgonjwa, wakazungumza kidogo, ameacha ujumbe kwamba kesho nifike Omurushaka bila kukosa. Nikajua ni la kumwondoa Ambrose, wanataka kunieleza kwa heshima. Nami nasema kweli, niliona afadhali. Kitu kimoja kipungue. Hata kama kitu chenyewe ndicho pekee kilichomfanya bado ajione ni Ambrose, kipungue tu.

Asubuhi nikaichukua ile stendi ya kamera ya chama iliyokuwa imekaa kwetu, nikaifuta vumbi, nikaifunga kwenye kitenge. Alikuwa ananitazama kutoka kitini.

"Usi..." alisema. Akapumzika. "Usirudishe."

"Ambrose, imetosha," nikamwambia. "Mimi nimefika mwisho wa kamera."

Aligeuza macho kwenye migomba, na mimi nikapanda bodaboda stendi ikiwa magotini, vumbi jekundu likitufuata njia nzima.

Pale dukani walinipokea vizuri. Vijana shikamoo mama, marahaba. Mzee Abdulatifu, mwenyekiti wao, ambaye babu yake alitoka Pangani akaja kufanya biashara akabaki, alinivutia kiti mwenyewe.

"Karibu, Bi Benadeta. Mgonjwa anasemaje?"

"Tunaendelea vizuri."

Nikakaa karibu na Nestory, nikaegemeza stendi ukutani, nikainua macho kwenye kamba. Picha ya kwanza ilikuwa ya kinu cha kahawa. Ya pili ng'ombe wanavuka kijito, ukungu umewafika magotini. Ya tatu mtoto na mwavuli. Ya nne ilikuwa mimi.

Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana mtu haachi kugeuka hivyo mpaka awe ameamua. Nilijua palepale picha imepigwa kutoka wapi. Imepigwa kutoka kwenye kiti chake. Nikawaka. Miezi yote nimejikusanya, nimepaka mafuta, nimefunga kilemba vizuri kabla ya kwenda kwenye jumuiya, watu wakasema Mama Koku ni chuma. Halafu huyu huyu ninayemfuta mate ananianika kwa watu na kahawa yangu.

Nestory aliinama sikioni kwangu. "Anaigeuza kamera juu chini, mama," alinong'ona. "Kitufe kinahamia kushoto. Anabonyeza na kidole gumba. Alinionyesha jana, nikatoa kadi ya kamera nikaenda kuisafisha picha."

"Na hukuniuliza?"

"Nilimuuliza yeye kama umekubali. Akasema, mwenyewe aseme. Ndiyo maana nikakuita."

Mzee Abdulatifu alikuwa ameshasimama na karatasi ya kanuni, ingawa anazijua kwa moyo. Alipitia picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama wa mtoto mwenye mwavuli alikuwa amekubali. Akafika ya nne, akasafisha koo.

"Picha namba nne ina mtu. Aliyemo yupo hapa?"

"Yupo," nilisema.

"Amekubali itazamwe na kupigiwa kura?"

Duka lenyewe lilikuwa limefungwa, na nje fundi cherehani alikuwa anaendelea na shughuli zake. Neno moja lilitosha. Nikisema hapana, inashuka, na Ambrose anashuka nayo, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angenilaumu. Ningeacha stendi pale ukutani, nirudi nyumbani mikono mitupu. Hata yeye aliniachia nafasi hiyo. Alijua ninavyochukia kuonekana, na bado alisema mwenyewe aseme.

Nikaitazama tena, safari hii nikitafuta sababu ya kusema hapana, na nikaliona bakuli. Lilikuwa limejaa.

Nikaikumbuka ile siku. Nilizinduka kwa kuku, nikamkuta ananitazama, nikamuuliza umemaliza, akasema, "Nimeshiba." Nilifurahi, nasema kweli. Nilimwaga uji kwa kuku bila hata kulitazama bakuli, nikashukuru kwamba leo kula kumeisha upesi, nikakimbilia kahawa. Kumbe hakuwa amekula kitu. Alikuwa amekaa na njaa yake, kijiko kiko mbele ya uso wake, angeweza kunipigia kelele kwa sauti aliyobakiwa nayo, akaniacha nilale. Nilipoamka akanidanganya nisione aibu. Na siku ngapi nyingine alikuwa ameshiba namna hiyo?

Watu wote wilayani walikuwa wananiuliza, na mimi nikiwajibu. Yule asiyeweza kuuliza ndiye aliyekuwa ameona.

"Bi Benadeta?" alisema Mzee Abdulatifu taratibu.

"Amechoka," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nestory, andika hivyo. Aliyemo amechoka sana. Lakini amekubali."

Mzee Abdulatifu alivua kofia, akaifuta kama ina vumbi, akaivaa tena. "Imekubaliwa," alisema. "Tupige kura."

Walioshinda ni ng'ombe wa Placidius, na walistahili. Kikombe chetu kilikuwa na punje chache tu. Placidius mwenyewe ndiye aliyenifungia punje hizo kwenye kipande cha jani la mgomba, akanishikisha.

"Mzee wako alinirudishia picha kwa ajili ya kidole cha mke wangu," alisema. "Leo nimekaa hapa namwombea kidole chake. Mwambie bado nina hasira."

Nilirudi na stendi yangu magotini. Vero alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi, Ambrose kando yake, kamera shingoni. "Za huko, Mama Koku? Mnaendeleaje na mambo yenu?" Nikasikia mdomo unaanza peke yake, tunaende, nikausimamisha.

"Nimechoka, Vero."

Hakunipa pole wala hakushtuka. Aliweka kisu chini. "Hilo tulikuwa tunangoja ulitamke wewe, waitu," alisema. "Mtu akikwambia kila siku anaendelea vizuri, utaingiaje kwake na ndoo ya maji?" Akainuka, akaingia jikoni kwangu bila kuuliza, nikasikia anapuliza moto.

Ambrose hakutazama uso wangu kwanza. Alitazama stendi. Nikaisimamisha palepale mbele yake, nikafungua jani, nikachukua punje moja ya kahawa nikamtia mdomoni upande wa kushoto, upande unaotafuna.

"Umo," nikamwambia.

Alitafuna polepole, macho ameyafumba, na jicho la upande mzima likatoa machozi, nami sikuyafuta.

Vero alileta uji, nikasogeza kigoda. Nilimpa kijiko cha kwanza, nikampa cha pili. Cha tatu kiliishia njiani, mkono ulikuwa umechoka kwa ile safari na kwa yote, ukashuka mapajani. Akanitazama mikono, kisha akanitazama usoni kwa muda, akaufunga mdomo.

"Nimeshiba," alisema.

Nikachungulia ndani ya bakuli.

"Muongo wewe," nikamwambia. "Fungua mdomo."