Njiti Iliyochomozwa

Glavu ilibiringika juu ya theluji, upepo ukaizoa na kuivusha ng'ambo ya ukingo wa mlima, na ndiyo ikawa buriani. Gudrun alikuwa ameivua ili abandue barafu kwenye ngozi za chini ya skii zake za kutelezea thelujini, zile zinazomzuia mtu asirudi nyuma anapopanda. Wenzake wangeweza kumshikia. Hakuwaita.

"Chukua yangu!" Bergljot alipaza sauti.

"Uvae nini wewe? Twendeni!"

Ndivyo alivyo Gudrun. Kwa kutoa, hana mfano. Lakini kupokea! Ukimpa kikombe cha kahawa, atataka kukiosha kabla hajakinywa. Bergljot na Eivind wamepanda naye milima ya Jotunheimen kila majira ya baridi tangu ujana wao, na hawajapata kumbebea hata kijiko.

Aliuficha mkono kifuani, lakini fimbo ya kujisukumia ilimlazimu autoe kila mara. Eivind alikuwa mbele akipasua njia, dhoruba ikiifuta nyuma yao. Kibanda cha wapanda milima walichokiendea kilipojitokeza, vidole vya mkono wa kushoto wa Gudrun vilikuwa vyeupe kama mishumaa, wala havikuuma tena. Hapo hofu ikamwingia. Vidole hivyo ndivyo vilivyobonyeza nyuzi za fidla katika kila harusi ya bonde lao. Bila hivyo angekuwa nani?

Eivind aliusukuma mlango kwa bega. Kibanda hakina mtunzaji, na ndani baridi ilikuwa ileile ya nje. Shoka la kupasulia kuni lilikuwa ghalani, na ghala limezikwa na theluji hadi paani. Bergljot akafungua jiko la chuma.

"Jamani! Njooni muone!"

Kuni zilikuwa zimepangwa tayari: maganda ya mti chini, vibanzi vikavu juu yake, kisha vipande vinene. Kando palikuwa na kiberiti, njiti moja imechomozwa nusu, ili aliyekufa ganzi aweze kuing'oa hata kwa meno. Ndiyo desturi ya huko: anayeondoka humwandalia moto anayekuja, hata kama hamjui. Gudrun alikwisha kuuandaa moto wa namna hiyo mara nyingi, akaenda zake akijiona mwema. Leo aliukuta akiwa mhitaji.

Moto uliposhika, Bergljot alipandisha sweta lake. "Lete mkono. Weka hapa tumboni."

"Sitaki. Utapata baridi bure."

"Asante ya punda hiyo! Tumbo hili nimelilisha siagi miaka yote, leo ndiyo zamu yake. Lete!"

"Mpe, Gudrun," Eivind alisema. "Vikikatwa vidole hivyo, fidla nitapiga mimi, na bonde zima litahama."

Gudrun akauweka. Bergljot akapiga ukelele wa kuamsha wafu, lakini hakusogea. Walikaa hivyo mpaka maumivu yakaanza kurudi, yakichoma kama siafu, na Gudrun akalia waziwazi.

"Inauma?"

"Inauma. Lo, inauma vizuri!"

Eivind akamlisha supu ya kondoo, kijiko baada ya kijiko, naye akala bila kubisha.

Asubuhi dhoruba ilikuwa imekwisha, mbingu nyeupe pe. Vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu, viwili vina malengelenge, lakini vyote vilikunjika. Gudrun aliketi akavijaribu ukingoni mwa meza kana kwamba ni fidla, akipiga wimbo wa bibi harusi anapotoka kwao, polepole. Aliyewasha maisha yake upya hakumjua jina wala sura, na shukrani zake hazikuwa na mlango wa kubisha.

Basi akapiga magoti mbele ya jiko. Kisu hakikushikika, kwa hiyo Eivind alifukua mlango wa ghala, akaleta kuni na kuchonga vibanzi, naye akavipanga kimoja kimoja. Akafungua kiberiti, akachomoza njiti moja, akaitazama, akaivuta nje kidogo zaidi.

Kisha akaketi kwenye benchi, akanyoosha mguu.

"Bergljot, nifungie viatu."

Bergljot alimtazama, akafungua kinywa kama mtu aliye na mzaha tayari. Akaumeza, akainama, akaanza kufunga.