Salamu ya Saa Moja Kamili

Kila siku, saa moja kamili asubuhi, binti yangu alinisalimu. Simu ilitetema juu ya meza yangu ya kazi, nami nikafuta mafuta mikononi nikasoma: "Shikamoo baba. Umeamkaje? Nakukumbuka." Yeye yuko nchi ya mbali, anauguza wazee wa watu. Tangu mama yake afariki, miaka miwili sasa, salamu ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kunifikia kwa siku, na siku nyingine ilikuwa ya mwisho pia.

Mimi ni fundi saa, mwaka wa arobaini na nane huu. Kusoma nilianza nikiwa tayari na mke, katika shule ya jioni, nimejibana kwenye dawati la watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mwalimu wetu alisema mtu aliyesoma hajibu barua kwa neno moja. Kwa hiyo kila asubuhi nilimjibu binti yangu kwa ukamilifu, kwa kidole kimoja, robo saa nzima: nimeamka salama, goti linalalamika, mvua imenyesha, saa ya ukutani ya mjane wa nyumba ya pili imepona. Mwisho niliweka "Wako mzazi akupendaye."

Watu hudhani mzee wa saa za kutia ufunguo lazima awe adui wa simu. Wanakosea. Saa nayo ilikuwa mashine ngeni siku moja, na bila shaka kuna wazee walioitukana. Simu mimi naiheshimu. Nikitaka kuiweka saa kwenye majira yake, naiweka simu kando yake, maana simu haikosei sekunde.

Ndivyo nilivyojiumiza. Asubuhi moja nilikuwa naiweka sawa saa kubwa, macho kwenye mshale wa sekunde. Mshale ulipogusa kumi na mbili, simu ikatetema. Nikacheka. Kesho yake nikatazama tena: mshale juu ya kumi na mbili, simu ikatetema. Siku ya tatu sikucheka. Nimeishi na mashine na nimeishi na watu. Mtu hutafuta miwani, hupiga chafya, huunguza maziwa. Mtu hawezi kufika juu ya sekunde ileile siku tatu mfululizo.

Kibanda kinachopakana na changu ni cha mama mmoja anayetengeneza simu. Nikamwendea.

"Karibu, mzee wa tiki-tiki! Leo umekuja kunikabidhi kibanda?"

"Nikukabidhi wewe, fundi wa kubandika vioo?"

"Vioo vyangu vinavunjika kila siku, mimi nakula. Wewe saa ukiitibu haiugui tena miaka kumi. Nani mjinga hapo?"

Nikaketi. Nikauliza kama mtu anayeulizia habari za mwenzake. "Hivi, simu inaweza kutuma ujumbe yenyewe, na mwenyewe amelala?"

"Sana tu. Unaandika mara moja, unaipangia saa, imekwisha. Itatuma kila siku mpaka uikataze." Akainua uso. "Kwani nani anakutumia?"

"Hakuna. Najiongezea elimu."

"Haya, mwanafunzi," akasema polepole, akarudi kwenye kazi yake. Hakunitania tena siku ile.

Nikaamua kunyamaza. Kama upande wa pili kuna mtu, nilisema, atashtuka. Siku ya kwanza: "Umeamkaje? Nakukumbuka." Sikujibu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu niliposoma, niliirudisha simu mezani. Nilijiona nimelala kitandani sikuamka, na simu iko mezani inaniuliza nimeamkaje, leo, kesho na keshokutwa, mpaka betri iishe.

Siku ya nne, saa nane na dakika kumi na tisa mchana, simu ikaita.

"Baba! Mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nimetoka zamu sasa hivi, nafungua nisome barua zako, hakuna hata moja. Siku tatu, baba! Moyo umenilipuka."

"Ulikuwa hujafungua siku tatu?"

"Zamu zilifuatana. Huwa naziweka, nazisoma zote pamoja."

"Basi juzi nani alinisalimu?"

Nilisikia toroli likipita mahali alipo, na mtu akikohoa.

"Ukiamka wewe, mimi niko kazini, simu zetu zimefungiwa kabatini. Nikaona heri upate salamu kuliko ukose. Nilikosea, baba?"

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika mama."

Nilitazama saa zangu ukutani. Zote zilikuwa zinatembea.

"Izime," nikamwambia. "Nisalimu kwa mkono wako, hata iwe mara moja kwa wiki."

"Kuna siku nitakosa."

"Kosa."

Neno hilo nililitamka kama mwanamume. Kulibeba ni kazi nyingine. Imepita miezi miwili. Ikifika saa moja kamili simu imelala, nami bado nafuta mikono. Salamu huja alasiri, huja alfajiri, na kuna siku haiji kabisa. Wiki hii zimekuja mbili. Moja ilisema: "Baba, miguu inawaka moto, nimekula mkate nikiwa nimesimama." Katika miaka miwili ya "nakukumbuka" sikuwahi kujua kwamba mwanangu anakula akiwa amesimama.

"Mzee, nikutegee kengele ya saa moja?" jirani yangu wa simu, niliyekwisha kumsimulia yote, aliniuliza. "Angalau kitu kikutikise."

"Mtikise mumeo," nikamjibu, akacheka mpaka akashika meza.

Leo asubuhi nilisubiri tena. Mshale ukapita juu ya kumi na mbili, ukashuka, ukapanda. Nikaichukua simu nikaandika: "Mwanangu, irudishe ile mashine." Nikayatazama maneno yale mpaka mwanga wa kioo ukafifia. Kisha nikayafuta, herufi moja moja, nikaanza upya. Nikamwandikia kwamba saa ya mjane imeanza kuchelewa tena, dakika nne kwa siku, na kwamba akipata nafasi aketi anapokula. Goti nikasema halijambo. Wako mzazi akupendaye.

Nikatuma. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na sita.